Visanduku Tisa

Msikilizaji wangu uliyeko jikoni, pole na moshi. Uliyeko kwenye Hiace unarudi nyumbani, pole na foleni. Leo nina ombi kabla hatujaanza. Tafuta kalamu. Tafuta na karatasi, hata ukurasa wa nyuma wa daftari la mtoto unatosha. Katikati ya mazungumzo nitakuomba uchore, na mambo mengine ninayotaka kuyasema hayaingii sikioni mpaka yapitie mkononi.

Wiki iliyopita, asubuhi, nilipita kwenye daraja dogo la Mto Themi, pale ambapo maji yakishashuka kutoka Meru na kupenya katikati ya mji, wakulima wa mchicha na figiri huanza kuyagawana kwa vijifereji. Yuko mama anakaanga maandazi pale. Nikamwamkia, nikanunua manne, akanifungia kwa kipande cha gazeti. Nimekula la kwanza, nimekula la pili, mafuta yanaanza kupenya kwenye karatasi, nikaona mistari. Nikaikunjua. Lilikuwa fumbo la maneno, lile la visanduku vyeupe na vyeusi ambalo wengi tunaliita chemsha bongo, na mtu nisiyemjua alikuwa amelijaza nusu kwa penseli.

Juu iliandikwa mada: wanyama wa kufugwa. Mwandiko ulikuwa wa mtu mzima, herufi kubwa zimesimama wima, hakuna iliyogusa ukuta wa kisanduku chake. PUNDA ameliweka sawa. KONDOO sawa. Kwenye MBUZI alikuwa amefuta kwanza kisha akaandika tena, na nilipotazama kidokezo nikaelewa kwa nini alisita, kwa sababu kilisema tu: hukuna nazi. Raha niliyoipata hapo, msikilizaji, sijui niieleze vipi. Mada ni wanyama, nawe unaulizwa kifaa cha jikoni, mpaka ghafla unakumbuka kwamba neno moja linakula majani na linakuna nazi.

Kisha nikafika mlalo wa saba. Kidokezo: hukamuliwa maziwa, na dume huvuta jembe. Visanduku sita. Jibu kila mtoto wa Tanzania analijua, ni ng'ombe. Yule mtu akaandika N. Akaandika G. Kisanduku cha tatu akakipa ritifaa, ile alama ndogo inayoning'inia juu. Cha nne O, cha tano M, cha sita B. E ikakosa pa kukaa. Akaiandika nje ya mstari mnene, pembeni, ndogo, kama mtoto aliyefungiwa mlango.

Ile E imenikaa moyoni tangu siku hiyo. Kwa sababu huyu mtu hakukosea. Ritifaa kwenye ng'ombe ni sehemu ya sauti. Ukiiondoa unasoma sauti nyingine. Alikuwa mwaminifu kwa lugha yake, na fumbo halikuwa na nafasi ya uaminifu huo. Fumbo lenyewe lilishonwa kwa kipimo cha mwili mwingine.

Mwili gani huo? Fumbo la namna hii lilianzia Marekani. Alilitunga Arthur Wynne, mwandishi wa habari mzaliwa wa Liverpool, likachapwa katika gazeti la New York World Jumapili ya tarehe 21 Desemba 1913, likiwa na umbo la almasi. Mwaka huo hapa Arusha walikuwa wakitawala Wajerumani, na boma lao la 1900 bado limesimama, leo ni makumbusho. Gazeti la New York Times lilijizuia kwa muda mrefu kabla ya kuchapisha fumbo lake la kwanza, Februari 1942, vita vikiwa vimepamba moto, na kuanzia 1950 likawa linatoka kila siku. La siku za kazi lina visanduku kumi na tano kwa kumi na tano. Jumatatu ni jepesi, kisha linakaza kidogo kidogo mpaka Jumamosi ambapo hata bingwa hukuna kichwa. Na siku nyingi lina mada.

Hapo kwenye mada ndipo penye utamu wote. Mada si kwamba majibu yote ni majina ya matunda. Mada nzuri imejificha. Ngoja nikupe mfano wa kwetu niliouwaza mwenyewe. Juu kabisa kidokezo kinasema: huvuta mabehewa. Unajaza KICHWA CHA TRENI. Chini yake: hushikwa wakati wa kumimina soda. Unajaza SHINGO YA CHUPA. Chini yake tena: bahili. MKONO WA BIRIKA. Halafu: huwekewa kikaratasi chini isiyumbe. MGUU WA MEZA. Mpaka hapo umejaza majibu manne yasiyojuana, treni na chupa na mchoyo na fundi seremala. Kisha mwisho kabisa, kisanduku cha chini, kidokezo kinasema: kimesimama mbele yako tangu ulipoanza. Unatazama juu, kichwa. Shingo. Mkono. Mguu. Jibu ni MWILI. Kuna mtu amesimama ndani ya fumbo, umemjenga wewe mwenyewe bila kujua. Mtu anayeonja hilo mara moja, kesho atalitafuta gazeti kabla ya chai.

Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wa watu hao. Alifanya kazi kiwanda cha matairi, General Tyre, na akitoka zamu ya asubuhi alikuja nyumbani na gazeti la Kiingereza chini ya kwapa. Alikuwa na kamusi iliyobanduka jalada, na penseli aliyoichonga kwa wembe. Alikaa kibarazani hadi giza liingie. Sisi watoto tulikatazwa kumsemesha, ila yeye alitusemesha: neno la herufi nne, wimbo wa mtu mmoja katika opera. Opera yenyewe hakuna aliyekuwa amewahi kuisikia. Ni aria. Aliijua kwa sababu ilikuwa imetokea wiki iliyopita, na wiki nyingine kabla ya hiyo.

Kwa nini aria kila mara? Sikuelewa mpaka nilipokua nikajaribu kutunga mafumbo mwenyewe. Kiingereza kina njaa ya irabu. Maneno yao yamejaa konsonanti zilizosongamana, kwa hiyo mtungaji akibanwa kwenye kona hukimbilia neno fupi lenye irabu nyingi limwokoe. Aria, area, idea. Ndiyo maana maneno hayo yanarudi na kurudi.

Sasa geuza. Sisi irabu si adimu kwetu. Sisi tunazo za kumwaga. Karibu kila silabi ya Kiswahili inaishia kwa irabu, na maneno yetu yote ya asili yanaishia hivyo hivyo. Kwa hiyo ukitunga fumbo la Kiswahili kwa herufi, unapata kitu cha ajabu: konsonanti, irabu, konsonanti, irabu, kama ubao wa drafti. Na neno linaloshuka likikutana na neno linalolala, nusu ya mara yanakutana kwenye irabu, na irabu yenyewe mara nyingi ni A. Sasa niambie, A inakusaidia nini? Chukua neno la herufi sita. Umeshapata herufi ya pili, ya nne na ya sita, zote A. Umebaki na nini? Inaweza kuwa baraka. Inaweza kuwa haraka. Inaweza kuwa salama, au nafaka, au kabaka. Inaweza kuwa hasara. Baraka na hasara, msikilizaji, zina irabu zile zile. Nusu ya neno unayo mkononi na bado hujui kama umebarikiwa au umepata hasara.

Jambo la pili ni sarufi. Kiingereza kinaonyesha wingi mwishoni mwa neno. Sisi tunaonyesha mwanzoni, na kila kitu katika sentensi kinaufuata mwanzo huo. Nikikuandikia kidokezo, kinachokata nyama, nimeshakupa KI bila wewe kuomba. Nikisema, yanayochemka, nimeshakupa MA. Upatanisho wa kisarufi, tunaousifu darasani, unakuwa mchongezi. Unamchongea mtungaji.

Dawa yake nini? Nilihangaika nayo muda, na jibu nililikuta lilikowekwa zamani, kwa bibi zetu. Kitendawili! Tega. Nyumba yangu haina mlango. Yai. Tazama walivyofanya. Yai ni la ngeli nyingine kabisa, li na ya, lakini kitendawili hakikusema lisilo na mlango. Kilileta nyumba mbele, kitenzi kikafuata nyumba, na ngeli ya yai ikalala salama nyuma ya pazia. Sitiari ilifanya kazi ya urembo na kazi ya ulinzi kwa wakati mmoja. Na pale ambapo hakuna sitiari, iko ile hu ya mazoea: hukata, huchemka, hushuka kutoka mlimani. Hu haina nafsi, haina ngeli, haimchongei mtu. Ndiyo maana mtungaji wa lile fumbo la kwenye maandazi aliandika hukuna, aliandika hukamuliwa. Yeye alilijua hilo, au mkono wake ulilijua.

Watu wetu wamefumba na kufumbua tangu kale. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki 1840, alikuwa akitega mafumbo kwa mashairi, na washairi wenzake wakimjibu kwa mashairi. Jarida la Mambo Leo lilipoanza Dar es Salaam mwaka 1923 lilifungua kurasa zake kwa mashairi ya wasomaji. Hatujaanza jana kupenda mtu atufiche kitu ndani ya maneno.

Sasa nikuulize swali la mji huu. Ule uwanja wa mpira wa katikati ya Arusha unaitwaje? Sheikh Amri Abeid. Wangapi kati yetu wanaoingia pale kushangilia wanajua kwamba huyo alikuwa mshairi? Kaluta Amri Abeid, Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere, akafariki 1964 akiwa bado kijana. Mwaka 1954 alitoa kitabu, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Ndani yake alieleza kwa maandishi kile ambacho washairi wa pwani walikuwa nacho masikioni: vina na mizani. Ubeti wa tarbia una mishororo minne. Kila mshororo una mizani kumi na sita, nane upande wa ukwapi, nane upande wa utao. Mizani ni silabi. Nne mara kumi na sita ni sitini na nne. Na ubao wa drafti, nane kwa nane, una visanduku sitini na vinne. Sisemi kwamba kimoja kilitoka kwa kingine. Nasema kwamba mshairi wa Kiswahili amekuwa akijaza visanduku karne na karne, na kila kisanduku amekitia silabi nzima. Herufi hakuwahi kuihesabu.

Hapa ndipo ninapotaka kufika. Fumbo la maneno la Kiswahili lijengwe kwa silabi. Kisanduku kimoja, silabi moja.

Hatutakuwa wa kwanza. Wajapani, ambao maandishi yao ya kana hushika silabi kwa alama moja, hujaza fumbo lao hivyo hivyo, alama moja kisanduku kimoja. Wahindi wanaosoma Kihindi au Kitamil hutia herufi pamoja na irabu yake katika kisanduku kimoja. Kila mmoja aliipokea nguo ya Wynne akaikata upya imtoshe. Sisi tumebaki tumevaa mikono mirefu, E yetu inachungulia nje.

Sasa ile kalamu. Chora mraba. Ugawe kwa mistari miwili kwenda chini, mistari miwili kwenda kando. Una visanduku tisa, vitatu kwa vitatu. Hakuna cheusi hata kimoja. Kila kisanduku silabi moja, kwa hiyo kila jibu lina silabi tatu.

Mstari wa juu, kwenda kulia: huombewa iwe njema, na kila binadamu ana moja ya mwisho. Nakupa nafasi kidogo. Silabi tatu. Ni safari. Andika: SA, FA, RI.

Mstari wa kati: huvaa hatamu, huvaa tandiko, hukimbia. Usiseme punda, punda ni silabi mbili, pu na nda. Ni farasi. FA, RA, SI.

Mstari wa chini: ukiuza, toa, ukinunua, dai. Hilo kila mfanyabiashara wa Tanzania analijua usingizini. Risiti. RI, SI, TI.

Vizuri. Sasa, msikilizaji wangu, acha kusoma kwenda kulia. Soma kwenda chini. Anza safu ya kwanza. SA. FA. RI. Umeona? Safu ya pili: FA, RA, SI. Ya tatu: RI, SI, TI. Safari, farasi, risiti, kwa mlalo na kwa wima, bila kubakisha, bila kuongeza. Na mada yake ni moja: mwendo wenyewe, mnyama wa kupanda, na kikaratasi cha nauli.

Nililipata hili usiku mmoja wa mvua, umeme umekatika, ninaandika kwa mwanga wa simu. Nilipoona safu ya tatu imekubali niliinuka kitini. Jaribu kuyafanya maneno hayo hayo matatu yafungane hivyo kwa herufi. Hayakubali. Kwa silabi yamekumbatiana kana kwamba yalikuwa yanasubiriana.

Tangu hapo nimekuwa nikitembea mjini nikikata majina vipande. Arusha: A, RU, SHA. Meru: ME, RU. Yanakutana kwenye RU. Basi lala na Arusha, simamisha Meru ipite katikati yake, na ME itakaa juu, mahali pale pale ulipo mlima ukisimama hapa Themi ukatazama kaskazini. Themi: THE, MI. Kutoka kwenye MI shuka chini uandike mifereji, MI, FE, RE, JI, nayo inashuka kama inavyoshuka kweli. Ngarenaro, ambalo asili yake ni Kimaasai, maji meusi, linakutana na Sanawari kwenye NA. Levolosi na Kaloleni ambazo ni jirani zinaweza kushikana kwenye LE, zinaweza kushikana kwenye LO, chagua mwenyewe.

Jengo la mikutano la AICC lilinisumbua zaidi. Mabawa yake matatu yana majina ya Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, na nilitaka yote matatu yakae kwenye fumbo moja. Kilimanjaro inaishia na RO, kwa hiyo Ngorongoro inaning'inia hapo bila taabu. Serengeti ikakataa. SE, RE, NGE, TI: hakuna hata silabi moja inayofanana na za wenzake. Nikazunguka nayo siku mbili. Kisha nikiwa benki, kwenye foleni, nikaona: serikali. SE, RI, KA, LI. Serengeti inalala juu. Kutoka SE yake ya kwanza serikali inashuka ngazi nne. Ngazi ya nne ni LI, na LI ni silabi ya pili ya Kilimanjaro. Yamefungana yote.

Najua wapo watakaouliza, na swali lao ni la haki. Je, tutakubaliana silabi ni ipi? M katika mtu inasimama peke yake, M, TU, visanduku viwili. Lakini mbuzi ni MBU, ZI, hapo M imeegemea. Nchi ni N, CHI. Ndege ni NDE, GE. Sikio la mzawa halikosei katika haya. Mwambie mtoto apige kofi kwa kila silabi utasikia. Ugumu uko kwenye maneno tuliyoyapokea: daktari, maktaba, labda. Ile K ya daktari iwekwe wapi? Washairi wengi huihesabu, da, k, ta, ri, mizani nne. Mimi nasema tuwafuate washairi, kwa sababu wao ndio wamekuwa wakilipishwa faini kwa kila mizani inayozidi. Na ng'ombe? NG'O, MBE. Visanduku viwili, ritifaa imo ndani na E haijafukuzwa.

Wapo pia watakaosema fumbo litakuwa gumu mno, kwa sababu silabi ni zaidi ya mia moja na herufi hazifiki thelathini. Mimi nimeona kinyume chake. Kisanduku kimoja kilichopatikana kwa silabi kinakupa konsonanti na irabu kwa pamoja. Ukipata RA katikati ya neno la silabi tatu, unajua mengi kuliko ukiwa na A tatu. Tena linatosha kwenye nafasi ndogo. Saba kwa saba tu linabeba maneno marefu ambayo kwa herufi yangedai nusu ukurasa, na wahariri wa magazeti wanajua thamani ya nusu ukurasa.

Lakini ushahidi ulionigusa haukutoka kwenye hesabu. Jirani yangu ana mjukuu aliye kidato cha pili, binti mwepesi sana. Jumapili nilimpelekea fumbo la silabi nililolichora kwenye kadibodi, mada ni vyombo vya jikoni. Bibi yake alikuwa ameketi pembeni, anachambua mchele kwenye ungo. Bibi huyu alijifunza kusoma ukubwani, katika madarasa ya kisomo yaliyoenea nchini baada ya Mwalimu kuutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hasomi haraka. Magazeti humchosha. Mjukuu akasoma kidokezo kwa sauti: hufunika chakula, husukwa kwa ukindu, silabi mbili. Akafikiri. Sufuria ina mfuniko wa bati siku hizi, atajua wapi? Bibi hakuinua macho kwenye ungo. Akasema, kawa. KA, WA. Mjukuu akajaza. Kilichofuata: hukorogea, mti mrefu, ncha bapa. Bibi akasema, mwiko, mwi, ko, huku akigonga ukingo wa ungo kwa kidole, mara moja kwa kila silabi. Mchele ukasimama. Akasogeza kigoda.

Nikakumbuka mabango ya darasa la kwanza: ba, be, bi, bo, bu. Hivyo ndivyo sisi sote tulivyoingia kwenye kusoma, kwa mlango wa silabi. Bibi aliingia kwa mlango huo akiwa na watoto wakubwa nyumbani, na siku ile alikuta fumbo limewekwa mlangoni pale pale, hakuhitaji kupanda ngazi ya mtu. Walimaliza pamoja. Neno kawa sasa binti analo. Lilikuwa kwenye kamusi siku zote. Limo katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ambayo ilitoka mara ya kwanza 1981. Lakini hakuna binti wa kidato cha pili anayefungua kamusi kutafuta neno ambalo hajui kama lipo. Lazima kitu kimpeleke, na kitu hicho kilikuwa visanduku viwili vitupu.

Kwa hiyo nawaomba wahariri, kwa heshima zote. Nawaomba walimu wa Kiswahili, ambao tayari vitabu vyenu vina zoezi la kujaza miraba. Tupeni fumbo moja kila siku, dogo, la silabi, lenye mada iliyofichwa. Jumatatu lianze jepesi, soko la Kilombero na vilivyomo. Katikati ya wiki litupeleke mbali kidogo, kwenye majina ya pepo za baharini, kwenye vyombo vya fundi, kwenye neno kama paa ambalo hukimbia porini, hufunika nyumba na hupanda angani. Ijumaa watunge washairi, watuonyeshe walichojifunza kwa kuhesabu mizani. Na wewe uliyejaza lile fumbo la wanyama wa kufugwa kwa penseli, kisha likaishia kufungia maandazi pale darajani, kama unanisikia: karatasi yako ninayo, nimeikausha mafuta, imo ndani ya kamusi yangu.

Muda umekaribia. Ile karatasi uliyochora usiitupe. Chora mraba mwingine kando yake, visanduku tisa kama ule wa kwanza. Majibu matatu, silabi tatu tatu, na yatasomeka kulia na chini sawasawa.

La kwanza: huchanganywa, hugawiwa, na shupaza ni moja ya familia zake nne.

La pili: hubandikwa ukutani shuleni, nayo ndiyo inayoiambia kengele ilie saa ngapi.

La tatu: udongo wa Meru una mengi yake, moja juu ya jingine, na Azimio la Arusha, mwaka 1967, lilitaka jamii isiyo na hata mawili.